Fundi wa Zege Anakanda Unga

Jumapili, 2 Juni

Dada,

Salamu ndefu nitakupa siku nyingine, leo nimebanwa. Ningekupigia simu kama masikio yako hayangebaki kwenye zile mashine za kukandia mikate, lakini ndiyo hivyo, tuandikiane. Naomba unifundishe kupika piza.

Usicheke. Najua unacheka, tena unamsomea jirani yako barua hii kwa sauti kubwa, maana kiziwi hajui kunong'ona. Funga mlango kwanza.

Mambo yalianza juzi Ijumaa. Binti yangu alipiga simu akauliza, "Baba, siku hizi unakula nini?" Nikaangalia mezani. Palikuwa na chai na mkate, na siku iliyotangulia palikuwa na mkate na chai. Nikaangalia dirishani, nikaona lile bango la duka la ng'ambo ya barabara, lenye picha ya piza inayotoa moshi, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Jana nilipika piza." Akauliza, "Piza?" Sauti ile sikuipenda, nikaongeza kwamba unga nilikanda mwenyewe, na chini yake palikuwa pakavu, panalia kau ukiuma. Uongo nao, ukishazaliwa mmoja unataka ndugu zake. Basi akasema shule zikifungwa, Jumamosi ya tarehe 29, atakuja na watoto wake pacha, na wajukuu watafurahi kula piza ya babu.

Dada, nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, tofali kwa tofali, wifi yako akinichotea maji na mimba tumboni. Tangu tumzike mwaka jana, binti yangu hana wimbo mwingine ila nihamie kwake. Akifika akamkuta baba yake hajui hata kuwasha jiko, nimekwisha. Mimi nataka nitoke humu nimebebwa na watu wanne, si nimebeba begi.

Wewe umekaa kwenye tanuri la mikate tangu tukiwa vijana. Niambie nifanye nini, na mtoto asijue. Niapie.

Kaka yako,
Fundi


Jumatano, 5 Juni

Kaka yangu,

Nimecheka mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa. Sikumwambia, usiogope.

Wewe? Wewe uliyemwita wifi arudi kutoka sokoni aje akuoneshe chumvi iko wapi, na chumvi yenyewe imekutazama usoni? Haya. Nimekuapia, mtoto hatajua kutoka kwangu. Lakini umenipa kazi, kaka.

Sikiliza. Unga wa ngano vikombe vitatu. Chumvi kijiko kidogo kimoja. Hamira nusu ya kijiko hicho hicho, wala usinijie na ubishi. Mafuta ya kula kijiko kimoja. Maji yawe vuguvugu, ukitia kidole usisikie moto wala baridi, kikombe kimoja na tone la ziada. Changanya, kisha ukande kwa kiganja, ukisukuma mbele na kukunja nyuma, mpaka uwe laini kama sikio la mtoto. Utajuaje kwamba umeiva kukandwa? Kata kipande kidogo, kivute taratibu mbele ya dirisha. Kikinyooka mpaka mwanga ukapita bila kukatika, uko tayari. Kikikatika, endelea, mkono haujafa.

Ufunike kitambaa kibichi, uache ulale mpaka uwe mara mbili. Ukiamka, utandaze kwa vidole kutoka katikati kwenda pembeni, na pembeni usipaguse. Kifimbo cha kusukumia kikae kabatini. Oveni iwashe mpaka mwisho wa kitufe, iwe moto kweli kweli, kabla piza haijaingia. Sasa kazi kwako.

Halafu kula kitu zaidi ya mkate, hata yai tu. Hilo sikuambii kama mwalimu wa piza.

Dada yako


Ijumaa, 7 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, nisamehe kwa mwandiko.

Baba ameniambia amepika piza.

Shangazi, wewe unamjua. Mama alipokuwa akisafiri alimwachia chakula cha siku zote kwenye friji, na akirudi anakikuta, kwa sababu baba hakujua ni kipi cha kupashwa moto na kipi cha kuliwa baridi. Na hakusema kwa mzaha. Alinieleza unga ulivyokuwa, alinieleza chini palivyolia. Unajua mimi ni muuguzi kwenye wodi ya wazee. Kila siku nakaa na watu wanaonisimulia chakula ambacho hawakula na safari ambazo hawakwenda, na wanasimulia vizuri hivyo hivyo. Hawadanganyi, wanaamini. Huanza hivi.

Naogopa. Mama aliniambia "sijambo mwanangu" kwenye simu mpaka wiki ile aliyofariki, na baba alikuwa kando yake anaitikia. Nilifika nikakuta watu wamekaa nje. Sitaki kusikia "sijambo" nyingine.

Kwa hiyo nimeamua. Chumba cha nyuma nimetoa cherehani, nimeweka kitanda. Kuna mwalimu anatafuta nyumba ya kupanga huko kwa baba, nimeshaongea naye. Tarehe 29 siendi kutembea tu, naenda kurudi naye. Naomba umlainishe, wewe anakusikiliza. Ila mpango wenyewe usimwambie, maana atafunga mlango na kupanga tofali nyuma yake.

Mwanao


Jumatatu, 10 Juni

Dada,

Nimeshindwa mara mbili, lakini nimeshindwa vizuri.

Mara ya kwanza unga uling'ang'ania vidole. Nikafanya kama tunavyofanya lipu ikiwa nyepesi, nikaongeza unga. Ukang'ang'ania tena, nikaongeza tena. Mwisho ukaacha kung'ang'ania, ila uliacha na kila kitu kingine. Kilichotoka ovenini sasa hivi kinazuia mlango wa uani usipigwe na upepo.

Mara ya pili nikasema, dada yangu ni mbahili. Hamira nusu kijiko? Fundi anayeibana saruji nyumba inamwangukia. Nikatia vijiko vitatu. Nikaufunika gunia bichi, kama tunavyofunika zege lisikauke upesi, nikaenda kuoga. Kurudi nakuta umepanda ukingo wa karai na unashuka upande wa pili. Nikaufunua. Matundu matupu! Hapo damu ilinichemka. Kazini kwangu kijana akiniachia tundu kwenye nguzo, namvunjia anamwaga upya, maana tundu moja ndani ya nguzo ni ghorofa chini. Basi nikachukua mwiko wangu mdogo wa ujenzi (niliuosha, usinune), nikaugonga unga ule kutoka kona mpaka kona. Kila tundu likitoboka linasema puu. Nikausawazisha kwa ubao, nikaweka pimamaji juu. Dada, haijawahi kutokea piza iliyolala sawa namna ile.

Ilitoka kigae. Nimekula pembe moja, jino moja linauliza maswali.

Kuna jambo jingine. Oveni sikuwa nimeifungua tangu msiba. Ndani nilikuta sufuria za wifi yako zimepangwa, ndogo ndani ya kubwa, na kitambaa kati ya kila moja zisichunane. Nilikaa sakafuni kidogo. Halafu nikazitoa moja moja nikaziweka kabatini vile vile, na vitambaa vyake.

Nimekosea wapi? Siku zinakimbia.

Kaka yako,
Fundi


Alhamisi, 13 Juni

Kaka,

Umeua unga. Umeukuta mzima, unapumua, ukauua kwa mwiko.

Yale matundu ndiyo piza yenyewe! Hamira inakula, inapumua, na pumzi yake ndiyo hayo matundu. Nguzo inabeba ghorofa, ndiyo, lakini huo mkate unabeba nini zaidi ya nyanya na jibini? Ukiyatoboa unabaki na kigae, tena huna haki ya kushangaa. Kuanzia leo unga uuguse kama unamwamsha mtu unayempenda. Pimamaji rudisha kwenye sanduku la vyombo vyako.

Ukikugandia, usiongeze unga. Lowanisha mikono. Mkono mbichi haugandwi, na unga mbichi ndio unaotoa mkate mwepesi. Hamira nusu kijiko, nimesema. Ukitaka utamu zaidi uache kwenye friji usiku kucha uende pole pole, kisha asubuhi uuweke penye joto mpaka uamke. Wewe kila kitu unataka kimalizike kabla ya saa ya kutoka kazini.

Habari ya sufuria nimeisoma nikafunga barua, nikaifungua tena baadaye. Wifi alikuwa mtu wa mpangilio. Nami namkumbuka.

Sasa nikwambie la maana kuliko unga. Mwambie mwanao ukweli kabla hajafika. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, na yako sasa imebaki wiki mbili. Sisemi zaidi ya hapo.

Dada yako


Alhamisi, 13 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Pole na zamu.

Baba yako ana akili timamu. Kichwa chake hakijawahi kuwa laini kiasi cha kuharibika, na mimi ndiye niliyekua nacho chumba kimoja. Usiniulize nimejuaje, kuna mambo nimeapishwa. Wewe njoo, kaa, kula, mwangalie mwenyewe kwa macho yako, halafu ndipo uamue. Huyo mwalimu mwambie asubiri.

Siri yako nimeimeza kama ulivyoomba. Lakini ujue tumboni mwangu sasa zimo siri mbili, na mimi ni mtu wa kucheka hovyo, siku moja zitanitoka zote kwa pamoja.

Shangazi yako


Jumatatu, 17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikitafuta faraja, sikuipata. Neno lililonishtua ni hilo la "kuapishwa". Maana yake kuna kitu, na kama mwaka jana, wote mnakijua isipokuwa mimi.

Jirani yake, yule fundi cherehani, amenipigia. Anasema kila asubuhi baba anatoka na karai limefunikwa gunia, analiweka juani na kukaa kando yake. Kivuli kikifika, analihamisha. Alipomuuliza ndani kuna nini, baba akaweka kidole mdomoni akasema, "Taratibu, linapumua."

Jana nikampigia simu ya video. Nyuma yake nikaona mwiko wa ujenzi na pimamaji, na unga umetapakaa mpaka ukutani. Nikamuuliza, baba, pimamaji ya nini jikoni? Akasema, "Aa, hiyo siitumii tena. Nimeshaambiwa matundu yanahitajika." Nani kamwambia, Shangazi? Mtu anaishi peke yake!

Nilienda stoo ya dawa nikalia, nikanawa uso, nikarudi wodini. Mume wangu yuko safari ya kikazi, sina hata wa kumwambia. Mwalimu nimekubaliana naye. Tarehe 29 atakuja kuiona nyumba, mimi na watoto tukiwepo. Naomba usinizuie.

Mwanao


Jumatano, 19 Juni

Kaka,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Mwanao haji kula piza. Anakuja kukuchukua. Chumba kimeshatandikwa, na nyumba yako imeshapata mpangaji, mwalimu, anakuja kuiona siku hiyo hiyo. Anaamini akili yako imeanza kuyumba, na kilichomfanya aamini ni ile piza. Yeye anajua hujawahi kupika, wewe ukamweleza ilivyolia ukiuma. Kazini kwake wanaosimulia hivyo ni wagonjwa. Tangu hapo kila unachofanya kinamthibitishia: unakaa juani na karai, unamwambia jirani linapumua, unaambiwa habari za matundu na watu wasioonekana. Huyo asiyeonekana ni mimi, kaka. Ningecheka kama mtoto hangekuwa analia stoo ya dawa.

Nimevunja ahadi yangu kwake ili nisivunje kiapo chako. Chako nakuachia ukivunje mwenyewe. Mwandikie. Usimpigie simu, ukisikia sauti yake utadanganya tena.

Dada yako


Alhamisi, 20 Juni

Dada,

Barua imefika.

Kwa hiyo mwanangu anadhani nina wazimu, wewe ulikuwa unajua, na mimi nimekaa hapa nawapimia vikombe vya unga. Haya. Mwalimu aje. Atakuta mlango umepangwa tofali kutoka chini mpaka juu, kwa lipu safi.

Unga nimeumwaga. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Fundi


Jumamosi, 22 Juni

Kaka,

Umesema nisikuandikie, kwa hiyo hii si barua.

Trei iwe ya moto kabla hujaweka unga.

Dada


Jumatatu, 24 Juni

Mwanangu,

Sijawahi kukuandikia barua. Mama yako ndiye aliyekuwa akiandika, mimi naweka salamu mwishoni. Ukiona mistari imepinda unisamehe, nimezoea kujenga kwa kamba.

Sikupika piza. Siku ile ulipouliza nilikuwa na chai na mkate, na kwa kweli ndicho ninachokula siku nyingi. Nilidanganya kwa sababu kabla sijakujibu nilikusikia unavuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kunyanyua mzigo mzito, na mzigo wenyewe ni mimi. Iliniuma. Nikataka uushushe. Hiyo ndiyo sababu yote. Si ugonjwa, ni ujinga, na ujinga ninao tangu zamani, mama yako alikuwa shahidi.

Baada ya kudanganya ikabidi nijifunze. Anayeniambia habari za matundu ni shangazi yako, kwa barua, usimkasirikie, nilimwapisha. Karai la juani ni unga. Na linapumua kweli, ukija nitakuonesha, wewe muuguzi utaelewa haraka kuliko mimi.

Kuhusu mama yako. Aliniomba niitikie, nami mwezi ule hakuna kitu ambacho angeniomba nikamnyima. Najua kilichokupata ulipofika ukakuta watu wamekaa nje. Basi nakuahidi hivi: kuanzia leo ukiuliza, nitakujibu lilivyo. Leo kwa mfano goti la kulia linauma, usingizi ulikuja kwa shida, na nimekula mayai mawili. Mama yako nimemkumbuka tangu asubuhi. Ndiyo hali yangu.

Piza nayo iko hivi. Nilikasirika nikamwaga unga, halafu jana nikakanda mwingine, maana hasira haishibishi. Pembeni sasa panapanda vizuri, pana rangi. Katikati ndipo pabaya. Ukinyanyua kipande, ncha inalegea kama ulimi wa mbwa na nyanya zote zinateremka. Trei ya moto imesaidia kidogo. Nyanya nadhani nazipaka nene mno, mkono umezoea lipu. Sijui kama tarehe 29 itakuwa imekubali. Njoo hivyo hivyo. Na mwalimu naye aje, ale.

Lakini nyumba sihami. Nakuandikia hili nikiwa na akili zangu zote.

Baba yako


Jumatano, 3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Pacha wanakusalimia, wanasema babu amewaambia wewe ndiye bosi wake.

Barua ya baba niliipata siku moja kabla ya safari. Niliisoma, nikalia, na bado sikuiamini. Nisamehe, ni kazi hii. Nina wagonjwa wanaoandika barua nzuri kuliko zangu. Kwa hiyo nilikwenda na maswali yangu ya wodini, yale tunayowapima nayo wazee, nimeyaficha kichwani.

Tulimkuta jikoni amevaa aproni ya mama, kamba hazimfikii mgongoni, amezifunga kwa waya wa ujenzi. Hakunikumbatia, mikono ilikuwa na unga. Akasema, "Naweni mikono, halafu msiikaushe." Pacha wakapewa kila mmoja donge lake. Nikasubiri tuzame kwenye kukanda, nikauliza kama sina nia yoyote, "Hivi baba, leo ni tarehe ngapi?" Hakuinua hata macho. Akasema, "Leo ni siku ya mwalimu kuja kunitoa nyumbani kwangu." La pili sikuuliza.

Piza ya kwanza pacha waliivuta mpaka ikapata dirisha katikati, tukaila hivyo hivyo kwa aibu. Ya pili ilikuwa yake. Alikuwa amefikiria, Shangazi. Alisema trei ni bati tu, ukiipa unga baridi inapoteza joto lake lote papo hapo, kwa hiyo akatafuta kwenye masalia yake ya ujenzi vigae vya udongo uliochomwa, vinene, visivyopakwa rangi wala dawa, akavisugua, akavipanga ndani ya oveni, chini kabisa, na kuwasha tangu tulipofika. Nyanya alizichuja maji, akapaka kidogo mpaka unga unaonekana. Jibini alikuwa ananyunyiza huku mmoja wa pacha akimwambia, "Babu, ongeza," na yeye anasema, "Mzigo ukizidi, katikati panabonyea."

Ilipotoka hakukata. Aliinyanyua ukingo mmoja kwa mwiko, akachukua tochi, akamulika chini, akaniita nikague. Nilipiga magoti pale jikoni. Chini palikuwa pameiva, pana madoa ya kahawia kutoka ukingo mpaka katikati kabisa. Akagonga kwa kucha, pakalia kau. Akanitazama. Shangazi, uso ule sijauona tangu mama alipokuwa hai.

Mwalimu alifika tukiwa tunakula. Ni mtu mpole, mrefu, alikuwa na haya. Baba alimvutia kiti, akampa kipande kikubwa kuliko cha kwangu, kisha akamtembeza nyumba nzima akimwonesha kila ukuta ulivyosimama. Mwalimu akasema nyumba ni nzuri sana. Baba akamjibu, "Nzuri sana, ndiyo maana naishi humu." Mwalimu akanigeukia, nami nikamwomba radhi kwa usumbufu. Aliondoka na vipande viwili kwenye karatasi.

Mimi baada ya kula nililala pale pale mezani. Sijui ni uchovu wa zamu au ni nini. Niliamka nimefunikwa shuka, vyombo vimeoshwa, na baba anawasimulia watoto jinsi mama yao alivyokanyaga sakafu mbichi ya sebuleni akiwa mdogo, na jinsi bibi yao alivyomkataza asiisawazishe. Nilikaa nikisikiliza nimefumba macho. Alikumbuka vitu ambavyo mimi nimevisahau. Alikumbuka hata viatu vyangu vilikuwa rangi gani.

Siku ya kuondoka nilimwomba tena. Jibu nilikuwa nalijua, lakini woga hausikii. Nikamwambia baba, chumba kipo, kitanda kipo, njoo hata mwezi mmoja tu. Akaweka begi langu chini, akasimama mlangoni, akasema, "Sihami." Nikasema, na ukiugua? "Nitakwambia siku hiyo hiyo, utakuja. Sihami." Nikasema, baba, nitakuwa na wasiwasi. Akasema, "Kuwa nao. Mimi pia nina wasiwasi juu yako, hujala vizuri wewe, nimekuona ulivyokula. Lakini sihami." Kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwakemea nayo wakandarasi mpaka barabarani tukisikia.

Shangazi, wazee wangu wa wodini hawakatai. Ukimwambia hama hapa, anahama. Ukimwambia lala, analala. Wanakutazama kama mtu anayesubiri kuambiwa yeye ni nani, na hicho ndicho kinachonipeleka stoo kulia. Baba amenikatalia mara tatu, ananitazama machoni, na kila akikataa moyo wangu unatulia zaidi. Nilipanda basi nacheka na machozi yananitoka. Pacha wakaniuliza, mama, una nini? Nikawaambia, babu yenu amekataa.

Mwanao